Udugu na Jina: Wajibu wa Mhakiki Mbele ya Maisha Mafupi ya Les Kilimambogo Brothers

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi umezoea kuuliza kazi fulani ni ya nani kabla ya kuuliza ni kazi ya namna gani. Jina la mtunzi ndilo huliingiza shairi katika diwani, diwani katika maktaba, na hatimaye katika silabasi. Mazoea hayo hayana madhara makubwa pale ambapo mtu mmoja ameketi peke yake na kalamu yake. Yanageuka kuwa tatizo la kimaadili pale ambapo kazi imezaliwa na watu kadhaa waliosimama pamoja mbele ya kipaza sauti, wakashirikiana kwa miaka michache, kisha umoja wao ukavunjika.

Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa kurejelea bendi ya Les Kilimambogo Brothers, iliyoibuka katikati ya miaka ya 1970 chini ya uongozi wa Kakai Kilonzo, na ambayo enzi yake ilikoma kiongozi huyo alipofariki mwaka 1987. Bendi hiyo ilipiga benga, yaani muziki uliochukua mapigo na mitindo ya nyimbo za jadi na kuyahamishia kwenye magitaa ya umeme. Haikuwa ngeni kwa wasikilizaji wa wakati wake. Lakini katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, uliojishughulisha zaidi na tenzi, mashairi ya arudhi, riwaya na tamthilia, nafasi yake imekuwa finyu. Swali linaloulizwa hapa ni hili: mhakiki anadaiwa nini na watu ambao sauti za vyombo vyao zimebaki, ilhali majina yao hayatajwi?

2.0 Mahali na Namna za Kukumbukwa

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara ya Thika hupita Ruiru, eneo lililojulikana kwa mashamba makubwa ya kahawa, kisha hufika Thika, mji wa viwanda na mananasi. Mashariki ya Thika unaonekana mlima uliojitenga, ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Wakikuyu waliuita Kia Njahi na kuuhesabu miongoni mwa milima yao mitakatifu. Kwa jina la tatu unaitwa Kilimambogo, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hulielewa bila mkalimani. Mlima ni mmoja, na kila jamii iliyoutazama imeupa jina kwa lugha yake.

Eneo hili lina namna kadhaa za kuhifadhi kumbukumbu, na kila namna ina falsafa yake. Ya kwanza ni kitabu. Kwa wasomaji wengi wa ng'ambo, Thika ni mji unaojulikana kupitia The Flame Trees of Thika, kumbukumbu za utoto alizozichapisha Elspeth Huxley mwaka 1959, ambazo mwaka 1981 zilifanywa mfululizo wa televisheni. Hapa mahali pamekuwa mali ya simulizi ya mtu mmoja. Ya pili ni kaburi. William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyemiliki shamba kubwa la Juja, alifariki mwaka 1925 akazikwa mtelemkoni mwa Kilimambogo. Na mwaka 1931 maktaba yenye jina lake ilifunguliwa jijini Nairobi. Mtu huyo ana jiwe mlimani na jengo mjini. Ya tatu ni mbegu. Mwaka 1985 kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya mibuni iliyoitwa Ruiru 11, chotara la mibuni mingi. Mkulima huipanda akikijua kituo, wala hawajui watu walioizalisha.

Namna ya nne ni bendi. Vijana waliojiita kwa jina la mlima hawakuandika kitabu wala hawakumiliki shamba. Walichokuwa nacho ni jina, na jina hilo linastahili kusomwa kwa uangalifu uleule unaopewa mshororo wa shairi. "Les" ni kipashio cha Kifaransa kilichoenea kutoka kwa bendi za Kongo na kuigwa Nairobi, kama lionyeshavyo jina la Les Wanyika, bendi iliyoundwa mwaka 1978. "Brothers" ni Kiingereza. Katikati ya lugha hizo mbili za kikoloni umesimama mlima wa nyumbani. Yawezekana kusemwa kwamba huo ulikuwa mtindo wa biashara tu, na kwamba bendi nyingi za wakati huo zilijiita ndugu au vijana wa mahali fulani. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haimalizi mjadala. Anayejiita ndugu hadharani, hata akiwa na nia ya kuuza santuri, ametoa ahadi. Na ahadi hupimwa kwa maneno yaliyotamkwa mbele ya mashahidi, si kwa nia ya mtamkaji peke yake.

3.0 Lugha na Mipaka ya Udugu

Udugu huo ulikuwa wa nani? Jibu la kwanza ni kwamba ulikuwa wa Wakamba. Bendi ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuipa benga sura ya Kikamba, baada ya mtindo huo kukua miongoni mwa Waluo wa Nyanza, ambako gitaa lilijifunza kusema kama nyatiti. Lakini Kilonzo alirekodi pia kwa Kiswahili, na ni rekodi hizo zilizoipa bendi wafuasi nchini kote. Methali husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Je, aliyechagua kucheza kwa lugha ya wote aliwaacha wa kwao?

Swali hili lina uzito zaidi likiwekwa kando ya tukio lingine la Kiambu hiyohiyo. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Serikali ililipiga marufuku igizo hilo. Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huo. Na mwaka 1982 jumba la wazi la wanakijiji likabomolewa. Tangu hapo Ngũgĩ alishikilia kwamba mwandishi anawajibika kurudi kwenye lugha ya mama. Katika miaka hiyohiyo, Kilonzo alikuwa akipanua wigo wake kutoka lugha ya mama kwenda Kiswahili. Kwa mtazamo wa haraka, mmoja anarudi na mwingine anaondoka.

Mtazamo huo unasahau hadhira. Kamĩrĩĩthũ ilikuwa na jamii ya lugha moja kwa kiasi kikubwa, na adui wake wa kilugha alikuwa Kiingereza. Thika na Ruiru zilikuwa na hadhira ya namna nyingine. Mashamba ya kahawa, mkonge na mananasi, pamoja na viwanda vya nguo na vya kusindika vyakula, viliwakusanya Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Waluhya katika kambi na mitaa ileile. Miongoni mwa watu hao Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote, na hilo ndilo lililokifanya kiwe cha haki. Lugha ya mwenyeji humfanya mwingine kuwa mgeni; katika lugha ambayo wote ni wageni, hakuna anayemkaribisha mwenzake kwa kumfadhili. Kwa hiyo Kiswahili cha bendi hii, hata pale kinapokiuka sarufi sanifu, kinafaa kuhakikiwa kama uamuzi wa kimaadili wa kuupanua udugu ulioahidiwa na jina. Mhakiki anayeanza kwa kuyahesabu makosa ya upatanisho wa kisarufi amekosea mahali pa kuanzia.

4.0 Sasa, Zamani na Santuri

Fikra inayofaa zaidi kulielezea tatizo la kumbukumbu inatoka kwa Mkamba mwingine. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, aliyatumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza dhana ya wakati. Kwa mujibu wake, mtu aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu wapo watu hai waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina. Afapo wa mwisho wao, marehemu huyo huzama katika Zamani. Madai ya Mbiti kuhusu wakati ujao yamepingwa na wanafalsafa wengi; hata hivyo, wazo lake kwamba kutajwa kwa jina ni namna ya kuishi limebaki na nguvu.

Santuri inalitia wazo hilo katika mtihani. Kabla ya teknolojia ya kurekodi, aliyeisikia sauti ya mpiga ala alikuwa mbele ya mpigaji mwenyewe, au angalau mbele ya mwanafunzi aliyeweza kumtaja. Santuri ilizitenganisha sauti na jina. Rekodi za Les Kilimambogo Brothers zilikusanywa na kutolewa tena baada ya kifo cha Kilonzo, na vidole vya wapiga gitaa na besi vinaendelea kuwachezesha watu waliozaliwa baada ya mwaka 1987. Kumbukumbu ya umma, hata hivyo, hulitaja jina la kiongozi na kukomea hapo. Kilonzo, kwa lugha ya Mbiti, angali katika Sasa. Ndugu zake wako katika hali ya tatu ambayo Mbiti hakuijadili: hawako Sasa kwa kuwa hawatajwi, wala hawajazama Zamani kwa kuwa wangali wanasikika.

Huenda mtetezi akasema kwamba hiyo ni haki, kwa kuwa kiongozi ndiye aliyetunga, aliyeimba na aliyebeba hasara. Ni kweli kwamba mchango wa wote haukuwa sawa. Lakini muundo wa benga wenyewe unaipinga hoja ya mtunzi mmoja. Sauti huimba kifungu, gitaa hukijibu kwa kukirudia na kukigeuza, na besi husukuma mazungumzo hayo mbele. Katika santuri ndogo za wakati huo wimbo uligawanywa pande mbili, na mara nyingi upande wa pili uliachiwa magitaa. Mhakiki aliyeyanukuu maneno peke yake amekwisha kuitupa nusu ya hoja, naye hudhani kwamba amebaki na wimbo mzima.

Wala nadharia ya kifo cha mtunzi, iliyotolewa na Roland Barthes mwishoni mwa miaka ya 1960, haiondoi deni hilo. Barthes aliandika katika utamaduni ambamo jina la mtunzi lilikuwa limetukuzwa kupita kiasi, na kulishusha kulikuwa ukombozi wa msomaji. Mpiga besi wa Kilimambogo hakuvikwa kamwe taji ambalo nadharia hiyo inataka kulivua. Kumtangazia kifo mtu ambaye hajawahi kutambuliwa kuwa hai ni kuukamilisha usahaulifu kwa jina la nadharia.

5.0 Wito wa Majina

Ni jambo la kutafakarisha kwamba tiba ya tatizo hili imo ndani ya utanzu wenyewe. Katika benga ni desturi mwimbaji kuita majina katikati ya wimbo: jina la mpiga gitaa anayekaribia kuingia, la rafiki, la mfadhili, la kijiji. Wanaonakili maneno ya nyimbo kwa ajili ya uchambuzi huelekea kuyaacha majina hayo, kwa kuwa hayana vina, hayajengi dhamira, na yanaonekana kama makelele ya ukumbini.

Kwa msingi wa hoja iliyojengwa hapa, wito huo ni sehemu ya matini, na pengine ndio sehemu yake yenye uzito mkubwa zaidi wa kimaadili. Mwimbaji amwitaye mwenzake kwa jina anaukiri ukweli ambao lebo ya santuri, kwa udogo wake na kwa mantiki ya biashara, haiwezi kuukiri: kwamba sauti inayofuata si yake. Anamweka mwenzake katika Sasa ya kila atakayeisikiliza rekodi ile. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwimbaji anakitaja kidole cha pili. Mhakiki anayeufuta wito huo ili kupata shairi safi anaivunja ahadi ya udugu ambayo wanamuziki wenyewe waliitimiza.

Pingamizi moja linabaki. Kwamba bendi ilififia alipokufa mtu mmoja, je, si ushahidi kwamba udugu ulikuwa wa jina tu? Anayeuliza hivyo amekichukua kipimo cha kaburi na cha kitabu, yaani kudumu, na kukitumia kwa kitu cha aina nyingine. Ndoa iliyokatizwa na kifo haisemwi kuwa ilikuwa ya uongo. Udugu ni uhusiano baina ya watu mahsusi, na huweza kufa pamoja na mmoja wao kwa sababu ulikuwa wa kweli kati yao, wala haukuwa ofisi inayongoja mtu mwingine aijaze.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maisha mafupi ya Les Kilimambogo Brothers yanauweka uhakiki wa fasihi mbele ya deni. Deni hilo halilipwi kwa kumpandisha Kakai Kilonzo katika orodha ya watunzi mashuhuri na kufunga jalada, kwa kuwa hiyo ingekuwa kumjengea kaburi la pili mlimani na kuwaacha wenziwe nje ya uzio. Linalipwa kwa kuihakiki bendi kama bendi: kuyasikiliza majibu ya gitaa pamoja na maneno, kukipokea Kiswahili cha kambi na viwanda kama lugha ya watu waliokutana wakiwa sawa, na kuyanakili majina kila yanapoitwa. Mwanafunzi anayeketi na santuri ya aina hii, kalamu mkononi, atafika mahali ambapo mwimbaji anaacha kuimba na kumwita mtu. Hapo ndipo inapompasa asiinue kalamu.