Haki ya Njia

Kiswahili kina maneno mengi ya kuita mahali pa kupita: njia, barabara, uchochoro, ujia, pito. Maneno hayo yanatofautiana kwa upana na kwa matumizi, lakini yote yanakubali jambo moja, kwamba anayepita leo ametanguliwa. Hakuna uchochoro wa mtu mmoja. Njia ya miguu juu ya jabali ni maafikiano ya watu wengi, walio wengi wao marehemu, kuhusu mahali panapofaa kuweka unyayo, mahali pa kupumzikia na mahali pa kuepuka. Hakuna aliyeyaandika maafikiano hayo, na bado kila apitaye huyasoma.

Pikipiki ya magurudumu manne iliundwa ili isiyahitaji. Tairi zake pana zenye upepo mdogo hufinyika juu ya jiwe na kulikumbatia. Tumbo lake limeinuliwa mbali na ardhi. Na katika zile zenye nguvu, difu ikifungwa, gurudumu moja likining'inia hewani mengine huendelea kusukuma. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo inayouzwa. Swali linalozaliwa hapo si la mafundi peke yao: mtu aliyepewa uwezo wa kupita popote anadaiwa nini na hapo popote?

Katika Qantab swali hilo lina uzito wa pekee. Kijiji hiki cha wavuvi kimekaa kwenye ghuba ndogo ya mkoa wa Muscat, kati ya Al Bustan na Bandar Jissah, pale milima ya Hajar inapokosa nchi ya kusimamia na kuingia baharini. Mbele ya nyumba ni mashua, nyuma yake ni mawe. Mwaka 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala, Oman nzima ilihesabiwa kuwa na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Safari za siku hizo zilikuwa za mashua, za punda au za miguu. Miongoni mwa walioitikia mwito wa kurudi kuijenga nchi walikuwamo maelfu ya wasemaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wamesambaratishwa na mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Kizazi hicho kiliiona milima ikipasuliwa na lami ikitandikwa. Leo wajukuu wake hutoka mjini siku za mapumziko kwenda kutafuta mahali ambapo lami imekoma. Nchi iliyokuwa na njaa ya barabara imefika, ndani ya umri wa mtu mmoja, mahali pa kuona raha katika kuikimbia barabara.

Hapana ubaya katika raha hiyo. Ila mahali inapotafutwa hapalingani. Wapandaji wengi wa Oman hujifunzia kwenye vichuguu vya mchanga vya Bausher, ndani ya Muscat yenyewe, au kwenye bahari ya mchanga ya Sharqiya. Mchanga wa namna hiyo ni msahaulifu. Upepo wa usiku mmoja huzifuta alama za mchana. Mawe ya Hajar hayasahau. Jangwa la mawe hufunikwa na tabaka jembamba la vijiwe lililopangwa na upepo na mvua chache kwa muda mrefu mno, na tabaka hilo likishavunjwa halirudi katika umri wa mwanadamu. Katika majangwa ya California na Arizona, ambako jeshi la Marekani lilifanya mazoezi ya vifaru kuanzia mwaka 1942, alama za minyororo ya vifaru hivyo zinaonekana hadi leo. Walioziacha wengi wao wamekwisha kuzikwa. Basi mpandaji aliyezoea mchanga, akifika kwenye mawe na desturi zake za mchangani, huandika kwa wino usiofutika akidhani anaandika kwa kidole majini.

Historia ya chombo chenyewe ina fundisho lake. Mwaka 1970 Honda iliingiza sokoni Marekani chombo chepesi cha magurudumu matatu yenye matairi manene, kikapendwa sana. Kilionekana kimetulia kama kigoda, kumbe kwenye kona na kwenye mteremko kilipinduka kwa wepesi. Magurudumu manne yalifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1988, baada ya vifo na majeraha mengi, watengenezaji waliafikiana na serikali ya Marekani kuacha kuuza vipya vya magurudumu matatu. Kosa la kile cha kwanza halikuwa udhaifu tu. Kiliahidi kwa umbo lake utulivu ambao hakikuwa nao. Na vya leo bado vina ahadi zao za uongo. Kiti kirefu humwalika mtu wa pili, ilhali katika vyombo vingi kimerefushwa ili dereva mmoja aweze kusogeza uzito wa mwili wake mbele na nyuma. Baba anayempakata mtoto hapo amejinyima mwendo ule ule unaozuia chombo kupinduka. Mafuta nayo huongezwa kwa kidole gumba. Nguvu ya farasi makumi imewekwa chini ya kiungo ambacho mtu hukitumia bila kufikiri.

Mtu anapokwenda kununua, huulizwa mambo yanayoweza kupimwa. Injini ni ya sentimita za ujazo ngapi? Inavuta kwa magurudumu mawili ya nyuma au kwa yote manne? Gia ni za kubadilishwa kwa mguu, au ni mkanda unaojirekebisha wenyewe? Ipo jamii ya michezo, nyepesi, ya mnyororo, yenye springi ndefu na hasira ya haraka. Ipo ya kazi, nzito na yenye subira, iliyokusudiwa shamba na mizigo. Ipo ile ya viti viwili sambamba, yenye usukani, mikanda na kizimba cha vyuma juu ya vichwa. Maswali hayo ni ya haki, lakini chini yake limelala swali moja lisilosemwa: itanifikisha wapi? Kadiri mnunuzi anavyoliamini swali hilo ndivyo anavyopanda ngazi ya nguvu na bei, kwa kuwa jibu lake halina mwisho. Daima kuna jabali jingine nyuma ya jabali.

Lipo swali la zamani zaidi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume aliwaonya masahaba wasikae njiani. Waliposema kwamba hawana budi, aliwaambia basi waipe njia haki yake. Na miongoni mwa haki hizo alitaja kuinamisha macho, kuzuia udhia na kuitikia salamu. Jambo la kustaajabisha ni kwamba njia imefanywa mwenye haki. Haikuachwa kuwa ardhi ya kukanyagwa tu. Na haki tatu hizo, zikipelekwa kwenye milima ya Qantab, zinakuwa kipimo cha mashine kilicho bora kuliko ujazo wa injini.

Kuinamisha macho kwanza. Nyumba za pwani hii zimejengwa kwa kuta, na nyua zake zimefichwa kwa apitaye barabarani. Hazikufichwa kwa aliye juu ya kilele, maana mjenzi hakutazamia kwamba mtu atasimama pale akiwa ameketi. Kilele hakikuwa kinakwenda mtu ila mchungaji, na mchungaji hujulikana kwa jina. Mashine imempa mgeni dirisha ambalo mwenye nyumba hakulifungua. Anayeipa njia haki yake huchagua mstari wake mlimani kwa kuangalia pia unachunguliana na nani.

Pili, udhia. Vumbi na mngurumo hufika pale ambapo mpandaji mwenyewe hatafika. Korongo lenye kuta za mawe huirudisha sauti mara mbili tatu, na Ijumaa asubuhi ya kijiji haina pa kujificha. Ufukweni udhia huwa kimya: katika fukwe za Oman wanakozaa kasa, kama Ras al-Jinz iliyomo katika hifadhi iliyotangazwa mwaka 1996, gurudumu hushindilia mchanga juu ya mayai, na tairi huacha mfereji ambao kitoto cha kasa, kikielekea majini, huanguka ndani na kushindwa kutoka. Mwenye kuendesha hatakijua. Haitoshi basi kusema kwamba hakukusudia.

Tatu, salamu. Hii yaonekana ndogo, na huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Salamu humlazimisha mtu apunguze mwendo hadi kiwango ambacho uso unaweza kutambuliwa na sauti kusikika. Ivan Illich, katika kijitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu nishati na usawa, alishikilia kwamba vyombo vikivuka kasi fulani, anachokipata mmoja huwa kimetolewa kwa mwingine. Salamu ni kipimo cha kasi hiyo kisichohitaji hesabu. Mashine isiyomruhusu mwenye kuiendesha kumsikia mzee wa kondoo na mbuzi akimwambia kwamba huko mbele hapapitiki, imemnyima elimu iliyo karibu naye kuliko zote.

Patakuwa na mpingaji atakayesema: hayo ni ya vijijini, lakini huko makorongoni hakuna mtu wa kusalimiwa wala ukuta wa kuchungulia, ni jangwa tupu. Neno hilo, tupu, wasomaji wa Afrika Mashariki wanalo sababu ya kulitazama mara mbili. Sheria za Ardhi za Taji za mwaka 1902 na 1915, katika nchi ambayo leo ni Kenya, zilisimama juu ya dhana ya ardhi isiyo na mwenyewe, na wafugaji waliohama na majira walikuta kwamba kutokuwapo kwao siku ya kuhesabiwa kumegeuzwa kuwa ushahidi dhidi yao. Mpandaji wa siku moja si serikali ya kikoloni, na kulinganisha makosa yao kungekuwa kukosa haya. Kinachofanana ni namna ya kuona: kuchukulia kwamba asiyeonekana sasa hayupo. Wadi yenyewe ni jibu. Ni barabara yenye mwenyewe aliye safarini karibu mwaka mzima. Juni 2007, kimbunga Gonu kilipoipiga Muscat, mwenyewe alirudi, na mabonde yaliyokuwa makavu yakabeba magari na lami kama makapi.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi na halifai kupuuzwa. Mwenye magoti yaliyochoka, au mguu uliokatwa, hana njia ya kufika kwenye mgongo wa mlima ila kwa mashine. Kumwambia atembee ni kumfungia mlima kwa jina la kuuheshimu. Vilevile, raha si anasa iliyokatazwa. Qur'ani katika sura ya An-Nahl, aya ya 8, inapotaja farasi, nyumbu na punda, inataja kupandwa kwao na inataja pambo pia, kisha inaashiria vitakavyoumbwa ambavyo wasikilizaji hawavijui. Uzuri wa kipando umekubaliwa. Kilichokataliwa ni jambo jingine, nalo limo katika sura ya Al-Israa, aya ya 37: kutembea juu ya nchi kwa majivuno, kwa kuwa binadamu hawezi kuipasua ardhi wala kuifikia milima kwa urefu. Aya hiyo haikumkataza mtu mlima. Ilimkumbusha kimo chake. Hatari ya mashine kubwa kupita haja ni kwamba humfanya asahau kimo hicho akiwa bado na mifupa ile ile.

Kutokana na hayo yatoka mwongozo wa kuchagua, na mwongozo huo unakutana na ufundi badala ya kupigana nao. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Madereva wazoefu wa mawe hawaipimi mashine kwa kilima itakachopanda; huipima kwa mteremko itakaoushuka: breki zake, jinsi injini inavyoshika mwendo wenyewe gia ndogo ikiwekwa, uzito utakaomwangukia mtu ikipinduka. Swali lao ni kama mashine itasimama pale mwenyewe atakapoona kwamba inafaa asimame. Swali hilo la usalama ndilo hilo hilo la adili. Chombo kinachofaa ni kile ambacho anayekiendesha bado anaweza kukizuia, kukigeuza katika nafasi finyu, na kusikia juu ya mngurumo wake. Kinachotosha safari iliyokusudiwa na kisichoshawishi kuanzisha nyingine. Kwa mtoto, ni kile cha kimo chake, au hakuna kwanza. Kwa mzee wa magoti, pengine ni kile kizito cha viti viwili, chenye mikanda, pamoja na mtu anayeijua milima.

Wapo watakaosema kwamba njia za huko zimekwisha kuchanwa na magurudumu ya waliotangulia, na mstari mmoja zaidi hauongezi kitu. Lakini hivyo ndivyo njia zote zilivyozaliwa, za wema na za ubaya: kwa mtu mmoja kukanyaga alipokanyaga mwenzake. Atakayefuata atauona mstari huo na kuusoma kama idhini. Ndiyo maana kila apitaye juu ya mawe, atake asitake, anashiriki katika maafikiano yale ya zamani. Mashine imemwezesha kuacha njia. Haikumwezesha kuacha kuifanya.