Kipi Kwanza?

Nina kazi mbili mkononi. Moja ni hadithi ya mapenzi ya Kitui mjini, sura fupifupi za kusomwa kwenye simu. Hii inalipa. Nyingine ni ya mchanga wa mito ya Makueni: malori yaliyouzoa, akina mama wanaochimba mchangani kutafuta maji, hadi kaunti ikatunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015. Hii hakuna aliyeniagiza.

Ati niandike kilicho moyoni. Sawa, lakini moyoni zimo zote mbili, na kodi ya nyumba pia.

Huwa namfikiria David Maillu, mzaliwa wa Kilungu. Miaka ya 1970 alijichapishia kupitia Comb Books: My Dear Bottle mwaka 1973, After 4.30 mwaka 1974. Wasomi wakavibeza, Tanzania ikavipiga marufuku, watu wa mjini wakavisoma tu. Mwaka 1991 huyohuyo akatoa Broken Drum, kurasa zaidi ya 1,000. Kwa hivyo sioni aibu kuandika chepesi.

Ninachopima ni kipi kitapotea nikichelewa. Wapenzi wa Kitui hawaishi. Mzee anayekumbuka mto kabla ya malori ana miaka yake.

Basi nimrekodi sasa, mapenzi yalipe nauli, kitabu baadaye? Hapo ndipo ninakwama. Sauti ya mtu ikilala miaka mitatu kwenye simu yangu, nimeihifadhi au nimeifungia? Nadhani lazima nimwambie kabla hajafungua kinywa kwamba kitabu kitachelewa, pengine asikione. Akikataa, si basi.