Je, Yafaa Kukihukumu Kitabu Kabla ya Kukisoma?

Mtu aliyepewa kazi ya kutunza vitabu vya wengine amekabidhiwa mlango. Akiufungua, maneno huingia, akiufunga, huzuiliwa. Basi yatupasa kuuliza: aufunge kwa kipimo gani?

Tuseme mtunza maktaba wa shule huko Malolo, wilaya ya Ruangwa, ameletewa na vijana kitabu wakipendacho, City of Bones, alichokitunga Cassandra Clare na kutolewa mwaka 2007. Ni hadithi ya maajabu ya mjini. Clary, msichana wa miaka 15, akaa New York, katikati ya magari na maghorofa. Siku moja aona mashetani na wawindaji wao, ambao watu wengine hawawaoni. Kisha mama yake atoweka, naye hana budi kumtafuta. Wazee wasikiapo habari hiyo huenda wakasema, “Hicho ni kitabu cha uchawi, kitupwe.” Na mtunza maktaba mwenyewe, akiwa mtu mzima aliyezoea vitabu vya namna nyingine, huenda akachoka kabla ya ukurasa wa 20.

Walakini yampasa avumilie, asome mpaka mwisho. Kuchoka kwake ni habari yake mwenyewe, si habari ya kitabu. Asiyependa ming'oko hana ruhusa kusema ya kuwa ming'oko ni sumu. Na kukihukumu kitabu kwa kusikia tu ni sawa na kumhukumu mtu ambaye hakuitwa barazani.

Hata hivyo wazee hawaogopi bure. Katika nchi yetu ya Tanzania wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa tu kuwa ni wachawi. Lakini na tutazame uovu huo watoka wapi. Msimulizi wa hadithi huanza kwa kusema “Paukwa!” nao wasikilizaji hujibu “Pakawa!” Hapo wote wamekwisha kupatana ya kuwa yatakayofuata ni ya kubuniwa. Uvumi hauna mapatano hayo. Humtaja jirani kwa jina lake, huonyesha nyumba yake, nao wataka kusadikiwa.

Tena maajabu si mambo ya vitabu vya kigeni tu. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1952, umo mji ambao watu wake wamegeuka mawe, na wamo ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa ajili ya ubaya waliomtendea ndugu yao. Msomaji hafundishwi kuwageuza watu manyani. Afundishwa kuiogopa husuda.

Basi mtunza maktaba asiulize tu, “Je, mna mashetani ndani yake?” Aulize, “Kijana akikifunga kitabu hiki, atamtazamaje bibi kizee wa jirani?” Ikiwa chamfundisha kuwashuku watu, na akizuie, tena awaeleze vijana sababu yake. Ikiwa chamfundisha kumtafuta mama yake ijapokuwa kwa hatari, na kutomwacha rafiki, na akiweke rafuni, hata kama yeye mwenyewe hakukifurahia. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Na maktaba ile haikuwekwa kwa ajili yake peke yake.