Kujichungua Kabla ya Kwenda Masomoni

Kijana akichaguliwa kwenda chuo cha mbali, jamaa zake humtengenezea nguo, blanketi na sanduku. Ni vema. Walakini kuna mzigo mmoja ambao hakuna awezaye kuufunga kwa ajili yake, ndio moyo wake. Chuoni atafundishwa hesabu, lugha na sheria. Lakini ni nani atakayemfundisha habari zake mwenyewe?

Mtakatifu Agostino alizaliwa mwaka 354 huko Tagaste, katika nchi ya Afrika inayoitwa leo Algeria. Mamaye Monika alikuwa Mkristo, na mtoto alitiwa katika hesabu ya wakatekumeni tangu udogo wake. Alipokuwa na miaka 16, masomo yake yalisimama kwa kukosa fedha, akakaa nyumbani bila kazi. Usiku mmoja, yeye na wenzake walitikisa mti wa matunda usio wao, wakaiba matunda mengi. Hawakuwa na njaa. Mengi waliwatupia nguruwe. Mwaka 371 hivi alikwenda kusoma Kartago. Huko alikuwa wa kwanza darasani, lakini moyo ule ule ulikuwa umesafiri pamoja naye.

Wengi wangalisema kwamba ni matunda tu, tena ni mchezo wa vijana. Agostino hakusema hivyo. Miaka zaidi ya 25 baadaye, akiwa askofu, aliandika kitabu cha Maungamo, akajiuliza kwa nini aliiba kitu asichokihitaji. Alipochungua sana, aliona kwamba kama angalikuwa peke yake, asingaliiba. Aliona aibu kubaki nyuma wenzake walipoitana.

Basi, kujichungua si kuhesabu makosa tu, bali ni kutafuta mzizi wake. Tena mtu asijichungue kama aliye peke yake, maana hapo atajisamehe upesi au atakata tamaa. Agostino alijichungua mbele ya Mungu, akisema naye kama mwana na baba yake.

Mkatekumeni naye aweza kujiuliza kila jioni, baada ya sala: Leo nimefanya nini? Kwa sababu gani? Je, ningalikuwa peke yangu, ningalifanya vile vile? Swali hili la mwisho lahusu matendo mema pia. Kijana asaliye kwa sababu kengele inalia na mama anaita, ajiulize kama atasali mahali pasipo kengele wala mama. Ni heri kulijua jibu angali kijijini, apate kurekebisha, kuliko kulijua mjini akiwa amekwisha kuacha.

Agostino alibatizwa na Askofu Ambrosio huko Milano, siku ya Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Akili nyingi hazikumfupishia njia. Alifika siku ile alipokubali kujiona jinsi alivyo, na kuomba neema ya Mungu.