Mkanda Uleule, Kiingilio Kipya

Ndugu msomaji, hivi mtu anayekuuzia hadithi uliyokwisha kuilipia anakuibia, au anakutendea wema? Kwetu Kilosa, na kule Mikumi barabarani, ubishi huu huzuka vibandani kila sinema ya zamani inapotengenezwa upya. Wakubwa husema ya zamani ndiyo picha, hii mpya mbwembwe tupu. Vijana wanajibu kwa neno moja: mbona imeuza?

Hoja hiyo ya mauzo ndiyo inayonikera. Chukua The Lion King. Ile ya kuchorwa ya 1994 ilipoonyeshwa mara ya kwanza ilikusanya dola milioni 312 hivi katika Marekani na Kanada. Ile ya kompyuta ya 2019 ikakusanya kama milioni 543. Haya, imeshinda? Tiketi ya 1994 ilikuwa dola 4 na ushee, ya 2019 dola 9 na ushee. Gawanya mwenyewe: tiketi kama milioni 76 kwa ya zamani, milioni 59 kwa mpya. Pesa zimeongezeka, watu wamepungua. Duniani kote mpya ilipita dola bilioni 1.6, sikatai. (Na sisi ambao barabara kuu inatupitisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi, kwenye simba wa kweli, tumetoa Simba, Rafiki na hakuna matata, wala hatujaletewa hata soda.)

Basi kama mauzo yanadanganya, tupime kwa kipi? Mimi napima kwa deni. Anayerudia hadithi, je, kuna kitu anadaiwa nayo?

Wapenzi wa picha za Kihindi watanielewa. Sholay ya 1975 ilikuwa imeshiba. Mwaka 2007 Ram Gopal Varma akaitengeneza upya, na Amitabh Bachchan, aliyekuwa mmoja wa mastelingi wawili, safari hii akapewa ujambazi. Ikaanguka vibaya. Nani alikuwa ameiomba?

Agneepath ni jambo jingine. Yash Johar aliitoa 1990, Amitabh akapata tuzo ya taifa ya uigizaji, lakini sokoni ikamvunja moyo mzee. Akafariki 2004. Mwaka 2012 mwanawe, Karan Johar, akaitoa upya na Hrithik Roshan, kwa ajili ya baba yake, na mara hii watu wakajaa. Utasema: je, ingeanguka tena? Mimi nasema deni lingekuwa limelipwa vilevile. Mtoto anayemalizia shamba la baba yake hangoji bei ya mahindi ndipo ajue kama alifanya haki.

Nayasema haya kwa sababu sisi tunaoanza kuandika tunatishwa sana na lile neno "hii ilishaandikwa." Sawa, ilishaandikwa. Lakini iliisha?

Hebu mfikirieni Derek Gaspar Mukandala, yule Lufufu, aliyesimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti zake. Hakuongeza hata picha moja, alitia maneno tu, na waliokuwa wakiangalia midomo ikichezacheza wakaanza kucheka na kulia mahali panapostahili. Naona alikuwa na deni kwa wenye picha zile. Sisi nasi tuna deni kwake. Viingilio vilikatwa mlangoni, shilingi kwa shilingi, na havimo katika bilioni za mtu yeyote.