Karo Peke Yake Hailei Mtoto



Baba mmoja alitumwa na mkewe kumchukua mtoto kituoni jioni. Mlezi akakataa kumpa. "Samahani, mzee, sikujui." Mtoto alikuwa amelelewa pale miezi saba, na karo alilipa baba huyohuyo bila kukosa. Alirudi nyumbani amefura kwa hasira, akitaka mtoto ahamishwe. Mkewe akamjibu kwa upole: "Mume wangu, mlezi hakukosea. Sisi ndio tuliokosea."

Siku hizi wengi wetu hatuna budi kuwaachia wengine watoto wetu. Yuko yaya wa nyumbani, na yuko nyanya kijijini. Yuko jirani mtaani anayelea watoto kadhaa katika chumba chake. Kuna kituo cha kulelea watoto mchana, na kuna shule ya chekechea, iwe ya parokia, ya mtu binafsi au ya serikali ya kaunti, yenye madarasa ya PP1 na PP2 kwa watoto wa miaka minne na mitano.

Kila mahali pana faida na hatari zake. Yaya humjua mtoto mmoja vizuri, lakini hakuna mtu mzima mwingine anayemwona akiwa kazini. Kwa jirani ni karibu na nafuu, lakini chumba kikijaa, mtoto mchanga hukosa mikono ya kumbeba. Chekechea hufundisha kucheza na wenzake, lakini haimfai mtoto ambaye bado anahitaji kubebwa.

Popote mtakapochagua, kumbukeni kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kuwa wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu. Mlezi ni msaidizi. Siku ya ndoa yenu hamkuahidi kulipia watoto. Mliahidi kuwapokea kwa upendo na kuwalea.

Someni Luka 2:41-52. Maria na Yosefu walisafiri siku nzima wakidhani Yesu yumo msafarani. Ni kosa ambalo mzazi yeyote aweza kulifanya. Lakini tazameni walivyolirekebisha: Luka haandiki kwamba walilaumiana njiani, wala Yosefu hakumtuma Maria peke yake. Walirudi Yerusalemu wote wawili, na Maria alipomuuliza mwanawe, alitaja huzuni ya baba pia.

Basi fanyeni hivi. Mpelekeni mtoto kwa zamu, ili mlezi azijue sura zenu zote mbili. Muulizeni: amekula nini, amelala saa ngapi, nini kilimliza? Siku nyingine fikeni bila kutarajiwa. Msikilizeni pia, kwa maana anaona mambo msiyoyaona. Mkutano wa wazazi si wa akina mama peke yao. Baba, kiti kikivunjika chekechea, nenda na nyundo. Shule nyingi za chekechea nchini zilijengwa kwa harambee, na wazazi ndio waliobeba mawe.

Yule baba sasa humpeleka mtoto kila Jumatatu na Ijumaa. Mlezi humwita kwa jina la mtoto wake.

Leo jioni, kabla ya sala ya familia, ulizaneni: Je, anayemlea mtoto wetu anatujua sote wawili? Na mtoto wetu je, nani humtuliza akilia?