Penalti ya Kujiangusha



Katika Kombe la Dunia 2002, mpira alioupiga Hakan Ünsal wa Uturuki ulimgonga Rivaldo mguuni. Akaanguka ameshika uso. Ünsal akatolewa kwa kadi nyekundu. FIFA ilimtoza Rivaldo faini, lakini ushindi ulibaki wa Brazil.

Nami hapa Gisenyi nilijiangusha, tukapata penalti, tukashinda. Refa alihukumu alichokiona. Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Ummu Salama, alionya kuwa hata hukumu yake mwenyewe haimhalalishii mtu haki ya nduguye; anayeichukua amechukua moto. Seuze filimbi ya refa!

Istighfari peke yake haitoshi: haki ya mja hurudi kwa mwenyewe. Nimemwendea yule beki, nikakiri. Nawe mwendee wako, kabla ya Siku isiyohitaji VAR.